Kununua Vipande vya Nje vya Magari ya Porini Vilivyokwisha Tumika

(Maneno tuliyoyasema mbele ya madreva, makanika na taniboi katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini siku hiyo.)



Twaona wengine wenu mmetoka barabarani moja kwa moja, na vumbi la Narok bado liko mabegani. Hatutawashika mpaka usiku.

Juu ya meza hii mnaona vitu vitatu. Cha kwanza ni kioo cha pembeni cha Toyota Prado. Cha pili ni ukingo mweusi wa plastiki, ule unaozunguka juu ya gurudumu la Land Rover Defender. Cha tatu ni grili ya Land Cruiser. Vyote vitatu ni vya mtumba, na kila kimoja kina habari yake. Tutavipitisha baadaye mvishike kwa mikono, maana kuna mambo ambayo macho na vidole huyajua kabla ya masikio.

Tukisema vipande vya nje twasema juu ya vitu vinavyofungwa juu ya bodi ya gari: bampa, grili, vioo vya pembeni, kingo za madigadi, vibao vya kukanyagia mlangoni, fremu za taa, kifuniko cha tairi la spea, na zile pande za plastiki zinazobandikwa milangoni. Injini haivihitaji. Gari lenye ukingo uliovunjika litafika Marsabit sawasawa na lile lililo zima. Lakini tajiri akiwa dirishani pa ofisi yake haioni injini. Anachokiona ni kioo kinachoning'inia, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Na magari yetu ndiyo yanayoumia kuliko yote. Dreva wa gari la mjini akikwaruzwa ni mara moja kwa mwaka. Sisi twapita katikati ya migunga, twashuka mito iliyokauka yenye mawe, twavutwa kutoka katika udongo mweusi kwa kamba iliyofungwa popote ilipowezekana kufungwa. Jioni tukirudi mjini, twakutana na yule kijana anayetembea katikati ya magari yaliyosimama, naye anajua bei ya kioo cha Prado kuliko sisi.

Habari ya kioo ndiyo tutakayoisema kwanza. Mwenyewe yuko nasi humu ndani na ametupa ruhusa, ila jina hatutalitaja. Ni dreva wa miaka mingi, hajawahi kupindua gari. Jioni moja alikuwa amekwama katika msongamano hapa Nairobi. Kijana akaja kwa upande wa kushoto, akashika kioo kwa mikono miwili, akakikunja kinyume, akaondoka nacho. Zilibaki nyaya tu.

Njia ya haki ilikuwapo. Angekwenda kituo cha polisi, habari iandikwe katika kitabu, apewe namba yake, kisha ampelekee tajiri namba hiyo asubuhi. Lakini katika uwanja wa magari pale kazini palibandikwa tangazo la kwamba kitu chochote kitakachopotea juu ya gari atalipa dreva. Alikwisha kumwona mwenzake akikatwa miezi mitatu kwa sababu ya taa moja. Basi akanyamaza. Aliliegesha gari upande wa kushoto ukitazama ukuta, asubuhi akaomba ruhusa ya saa mbili, akaenda na shilingi 8,000 za mkopo mpaka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado twaiita Grogan.

Hapa twataka kuwa na haki. Grogan kuna watu wengi waaminifu. Kuna maduka yenye rafu, yenye kitabu cha risiti, na mwenye duka hukuuliza namba ya chesisi kabla hujafungua mdomo. Matajiri wengi hutuma huko, na makanika wetu hula kwa kazi ya huko. Lakini mwenzetu hakuingia dukani. Alisimama kando ya barabara akitazama huku na huku, na mtu akisimama hivyo broka humfikia kabla hajamaliza kushusha pumzi. Aliulizwa ni gari gani, la mwaka gani, rangi gani, upande gani. Akaambiwa angoje kwenye kibanda cha chai. Baada ya dakika ishirini kioo kilikuja kimefungwa ndani ya gazeti, cheupe, kizima, kana kwamba kimeng'olewa kwenye gari lake mwenyewe. Na huenda ndivyo ilivyokuwa kwa wengine. Wako watu katika mji huu walionunua vioo vyao wenyewe mara mbili.

Mwajua ya kwamba wenye magari hapa Nairobi huchonga namba ya gari juu ya vioo na taa, ili mwizi asipate soko. Kioo kile kilikuwa kimesagwa kwenye pembe ya chini. Mwenzetu aliliona lile waa akalichukua kuwa mkwaruzo. Asilolijua yeye, wala yule broka, ni kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu mwangalifu, amechonga namba yake mara ya pili ndani, juu ya plastiki iliyo nyuma ya kioo. Siku kumi na saba baadaye gari liliingia gereji kwa sevisi, makanika akaifungua ile plastiki kwa sababu waya mmoja ulikuwa unagusa, akakuta namba ya gari la mtu mwingine.

Tajiri alifikiri nini? Alifikiri ya kwamba dreva ameuza kioo halali cha kampuni akaweka cha wizi, na faida ameitia mfukoni. Mtu aliyetumia pesa zake mwenyewe kuficha hasara ambayo hakuisababisha, akafukuzwa siku hiyo hiyo kama mwizi. Na vitisho vya polisi havikuwa vitisho vitupu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, yasema ya kwamba mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, aweza kufungwa hata miaka 14. Yaangalieni yale maneno "sababu ya kuamini". Kioo kilichokuja ndani ya gazeti baada ya dakika ishirini, bila risiti, na pembe yake imesagwa, hakimu angekuuliza ulitaka sababu ngapi tena.

Chama kiliingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka tajiri amweleze mfanyi kazi kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, mfanyi kazi akiwa na mwenzake au mwakilishi wa Chama ubavuni. Hilo halikufanywa, na hilo ndilo lililotusaidia. Baada ya wiki saba alirudi kazini. Mshahara wa wiki zile hakuupata, na barua ya onyo iko katika faili yake mpaka leo. Kioo chenyewe kilikwenda polisi. Hiki cha mezani tumekiazima kwenye duka lenye karatasi zake, msije mkasema Chama nacho chapokea vya wizi.

Sasa, ndugu, mwenzetu alipotea kabla hajafika Grogan. Alipotea pale aliposoma tangazo la ukutani akadhani ni sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ile ile ya 2007 chataja mambo ambayo tajiri aweza kukata katika mshahara. Juu ya mali iliyoharibika au kupotea, chasema aweza kukata kiasi cha haki, ikiwa hasara hiyo ilitokana na kosa la makusudi la mfanyi kazi. Makusudi! Kioo kilichonyakuliwa na kijana barabarani si kosa lako la makusudi. Tawi la mgunga lililong'oa ukingo wa madigadi katika njia ambayo tajiri mwenyewe amekutuma si kosa lako la makusudi. Na hata pale ambapo makato ni halali, jumla ya makato yote kwa mara moja haiwezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Lakini mtu aliyelewa, au aliyelichukua gari usiku kwenda kwa shughuli zake, asije kwetu akitaka tuseme uongo. Tutakaa naye ili asikilizwe kwa haki. Zaidi ya hapo hatuahidi.

Twajua mtakalosema. Mtasema sheria iko Nairobi katika kitabu, nanyi mko Maralal pamoja na tajiri. Ni kweli. Ndiyo maana twawaomba jambo dogo ambalo hata Maralal lawezekana: msitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa kabla mwakilishi wa Chama hajaiona. Karatasi nyingi zilizotufikia zilikwisha kutiwa sahihi usiku, juu ya boneti, kwa kalamu ya karani, na baada ya hapo kazi yetu huwa ngumu mara kumi.

Basi tuje kwenye kununua kwenyewe. Kwa maana kununua kutakuwapo. Tajiri mwenyewe atawatuma, kwa kuwa kipya ni ghali, au kwa gari la zamani hakipatikani tena. Wengine kati yenu mna magari yenu. Na makanika akileta kipande kisichofaa, lawama hukaa kwake hata kama alitumwa.

Kosa kubwa tunaloliona ni kununua kwa jina la gari. Mtu aenda dukani asema, "Nataka grili ya Land Cruiser." Grili hii ya mezani ilinunuliwa hivyo. Land Cruiser ya mtindo wa 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na pikapu tunayoiita 79 ilikuja mwaka 1999. Mwaka 2007 uso wa magari hayo ulibadilishwa: pua ilipanuliwa, boneti, madigadi ya mbele, taa na grili vyote vikawa vingine. Mwaka 2023 uso ukabadilishwa tena na taa za mviringo zikarudi. Sasa grili hii ni ya kabla ya 2007, na gari lililokuwa likingoja lilikuwa la 2012. Ni Land Cruiser kwa Land Cruiser, na hazikutana hata kwa nyundo. Tunasema hivyo kwa kuwa nyundo ilijaribiwa. Tazameni huu ufa.

Prado ni mtego zaidi, kwa sababu hubadilika uso bila kubadilika jina. Ile ya 90 ilitoka 1996, ya 120 mwaka 2002, ya 150 mwaka 2009, ya 250 mwaka 2023. Hayo wengi mwayajua. Lakini ile ya 150 ilibadilishwa uso mwaka 2013, na tena mwaka 2017. Milango ni ile ile, lakini bampa ya mbele, taa na grili si zile zile. Hata sisi wa ofisini tumeliwa hapo. Gari la Chama ni la 2011, tukaliletea grili ya 2014, nzuri sana, yang'aa. Ilikaa kando ya kabati kwa miezi minne, kila mwanachama akija auliza ni ya nini.

Defender ni rahisi kidogo. Umbo lake lilianza na gari la One Ten la mwaka 1983, jina la Defender likaja 1990, na la mwisho la umbo hilo lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, Januari 2016. Katika miaka hiyo yote kingo za magurudumu zilibaki karibu zile zile, na ndiyo sababu zatafutwa sana na ndiyo sababu zaibwa sana. Ila wa mbele si wa nyuma, na wa kulia si wa kushoto. Na Defender mpya iliyokuja 2020 yashirikiana na ile ya zamani kwa jina tu, hata skrubu moja msiihamishe.

Kwa Toyota mna msaada mkubwa, nao ni namba ya kipande. Huwa na tarakimu kumi, tano kisha kistari kisha tano. Tano za kwanza zasema ni kipande gani, tano za pili zasema ni cha gari gani. Kioo cha pembeni cha kulia huanza na 87910, cha kushoto 87940. Plastiki ya bampa ya mbele huanza na 52119. Mara nyingine huongezwa tarakimu mbili mwishoni kwa ajili ya rangi. Chukua namba ya chesisi kutoka kwenye kibati, nenda kwenye duka la spea mpya, uliza namba na bei. Bei hiyo huenda ikakutia homa, lakini namba utatoka nayo, na kwa namba hiyo utazungumza na mwenye duka la mtumba kama mtu anayejua anachotaka. Kwenye kibati hicho hicho mtaona maandishi C/TR; mbele yake ndiko iliko namba ya rangi ya gari. Nyeupe si moja, wenzetu. Mlango mweupe na kioo cheupe vikikutana juani mwaweza kudhani kimoja kimetoka kunawa.

Jambo la kulia na kushoto limewachanganya hata wazee wa kazi. Vipande vya mtumba vyaja hasa kutoka Japani, ambako magari hupita kushoto kama hapa, na kutoka soko kubwa la Sharjah na Dubai, ambako magari hupita kulia na dreva hukaa kushoto. Mtu akikuambia, "Hiki ni cha upande wa dreva," muulize dreva wa wapi. Upande huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele, basi. Kwa kioo, tazama pia plagi yake: hesabu sindano zilizo ndani. Kioo kinachojikunja chenyewe, kioo chenye taa ya kuashiria, na kioo cha kawaida kwa nje vyaweza kufanana kabisa, lakini plagi hazifanani. Ukikata nyaya na kuziunga kwa kubahatisha umeharibu vyote viwili.

Taa si kipande cha urembo, nasi tungeipita, ila kuna hatari. Taa kubwa iliyotoka kwenye gari la Dubai huinua mwanga wake upande wa kulia, kwa kuwa huko ndiko uliko ukingo wa barabara yao. Hapa Kenya upande wa kulia ni kwa mwenzako anayekuja. Ukiifunga, utamtia upofu dreva wa lori kati ya Mtito Andei na Voi, naye ni mwanachama pia. Kabla ya kulipa, iwashe mbele ya ukuta: mwanga wa chini uinuke kushoto.

Sasa shikeni ukingo huu wa Defender. Pitisheni. Ulipofika kwetu ulikuwa mweusi kama usiku. Mnaonaje sasa? Kijivu. Ulikuwa umepakwa kiwi ya viatu. Plastiki ya nje huliwa na jua, hufifia, kisha hukauka na kupasuka, na jua letu halina huruma. Wauzaji wengine huipaka kiwi, au dawa ya kung'arisha tairi, au huipitishia moto kwa haraka ili weusi urudi juu. Weusi huo hukaa wiki chache. Nenda na kitambaa chenye maji na sabuni, ufute sehemu ya nyuma na ya mbele, utazame kitambaa. Halafu ukunje ukingo kidogo kwa mikono miwili, polepole. Plastiki hai hurudi mahali pake. Iliyokufa hutoa mistari myeupe au sauti ya biskuti. Muuzaji akikukataza kuikunja, amekwisha kukujibu.

Geuza kipande utazame mgongoni. Mara nyingi kumepigwa herufi. Ikiwa ni ABS, ufa mdogo waweza kuunganishwa kwa gundi na ukashika. Ikiwa ni PP, gundi za kawaida hazishiki. Itataka kuchomelewa kwa moto na fundi anayejua, na fimbo ya plastiki ya aina ile ile. Basi usidanganywe kwamba ufa "ni kitu cha gundi tu" kabla hujasoma herufi. Tazama pia masikio, vile vishikio vidogo vinavyoingia kwenye bodi. Kipande chaweza kuwa kizuri usoni na masikio yote yamekatika, kwa sababu aliyeking'oa alikuwa na haraka. Ukikuta masikio yamekatika hovyo, usifikirie gundi tu, fikiria pia ile haraka ilikuwa ya nini.

Klipu na skrubu nunueni mpya. Ni vitu vya bei ndogo, na kipande kizuri kilichofungwa kwa waya wa fensi kitaanguka kabla ya Isiolo.

Kwa vipande vya chuma, chukueni sumaku ndogo. Mahali ilipopigwa puti sumaku haishiki vizuri. Hii haitafaa kwa bodi ya Land Rover ya zamani, ambayo nyingi ni aluminiamu. Waingereza waliianza mwaka 1948 wakati chuma kilikuwa cha kugawiwa baada ya vita. Huko mtafute unga mweupe pembeni mwa boliti za chuma, pale vyuma viwili visivyopatana vinapokutana na unyevu. Kipande kilichoishi Mombasa au Lamu chataka kutazamwa mara mbili kwa sababu ya chumvi ya bahari. Na msiamini sana neno "kimetoka Japani". Kule kwenye baridi barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na mikono ya chuma inayoshikilia bampa hurudi imeliwa kuliko ya pwani yetu. Rangi ya mbele haitakuonyesha hilo. Igeuze.

Ninyi wa magari ya watalii yaliyokatwa na kurefushwa hapa kwetu mna shida yenu. Upande wa gari lenu si ule uliotoka kiwandani, na namba ya kipande haitawasaidia kuanzia mlango wa kati kwenda nyuma. Pimeni kwa utepe, chukueni kipande cha zamani hata kama ni vipande vitatu, mkilaze juu ya kile mnachonunua, matundu yakutane. Fundi aliyelirefusha gari ndiye mtu wa kwanza wa kumwuliza.

Mwisho ni karatasi, na hili twalisema tukimwona mwenzetu wa kile kioo akitutazama. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, bei, namba ya kipande, na upande wake. Ikiwa kimetoka kwenye gari lililovunjwa, omba waandike namba ya chesisi ya gari hilo, au ya shehena iliyoletwa. Mwenye mali halali haoni taabu. Wengi wenu hudhani ujumbe wa M-Pesa ni risiti. Ujumbe ule wathibitisha kwamba pesa zimemfikia mtu fulani. Haukusema ulinunua kioo, wala cha gari gani, wala kwa nani kimetoka. Uweke, lakini pamoja na risiti. Na mahali popote mtakapoona kioo kimesagwa, au namba imefutwa kwa moto, hata bei iwe ya kuchekesha, ondokeni. Msingoje chai.

Kamati imeamua kupeleka kwa matajiri maombi matatu, nasi twataka mtuunge mkono katika kila uwanja wa magari. Tunaomba kila gari liwe na daftari, na dreva aandike uharibifu siku ile ile, karani atie sahihi, na ikiwa ni wizi namba ya polisi iandikwe humo. Tunaomba pesa za kununulia kipande zitoke ofisini na zilipwe dukani na ofisi yenyewe, dreva asitembee nazo mfukoni wala asikopeshwe. Na lile tangazo la ukutani liondolewe. Matajiri wawili wamekwisha kukubali daftari. Juu ya tangazo bado wanavuta, wasema ni la kuwatia madreva uangalifu. Tumewajibu ya kwamba lilimtia mwenzetu woga, akaenda kununua mali ya wizi akaifunga juu ya gari lao wenyewe.

Mpaka yakubaliwe, fanyeni daftari lenu la shilingi hamsini. Andikeni tarehe, mahali, kitu gani, nani alikuwapo. Taniboi awe shahidi. Leteni kila mkutano, tutatia sahihi hapa.

Sasa grili na ukingo vitapita upande huu, kioo upande ule. Kigeuzeni, mhesabu sindano za plagi, mtuambie ni kioo cha namna gani. Nani ana swali?